Ndovu Wasioogopa Debe

Nairobi, 11 Januari 2025

Kwa Mjomba wangu mpendwa Obadiah,

Kwawuka mana, Mjomba, salamu ya kwetu Taita! Natumai barua hii itakukuta salama wewe na wote wa nyumbani, na kwamba lile goti limekubali kupanda ngazi za kanisa. Mimi ni mzima kabisa, tena mzima wa kurukaruka. Ulinifundisha nikiwa shule ya bweni kwamba simu ni ya kuuliza na barua ni ya kueleza. Leo nina la kueleza, ndiyo maana nimempa mwanao Sylus bahasha hii ashuke nayo kwa treni.

Nimemaliza gemu! Miaka mitatu, Mjomba, na nimemaliza! Inaitwa Linda Mahindi. Unapewa shamba chini ya mlima Ndara, unapewa miti ya kujenga ua, madebe ya kupiga na pilipili ya kuchoma. Ndovu wanakuja. Ukiwazuia siku saba, unavuna. Nilipoona mahindi yanayumba kwenye skrini kama yale ya nyumbani nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Na bado! Bwana Kiilu, mwenye kampuni moja ya kusambaza gemu hapa mjini, ameipenda. Tutatia sahihi mwisho wa Machi, kwa sharti moja: mpaka siku hiyo isionekane nakala ya wizi mahali popote. Ikionekana, hakuna mkataba. Unajua niliacha kazi ya bima kwa ajili ya hii gemu. Mkataba ukienda, nitarudi kuwapigia watu simu kuhusu magari yao, na sidhani nitapata moyo wa kuanza nyingine.

Kwa hiyo nimeitia kufuli la kuwazuia wanaonakili. Sikuelezi linavyofanya kazi, maana nakujua. Ndani ya bahasha kuna flashi. Iweke kwenye kompyuta moja hapo kibandani kwako pa kuchezea gemu, uniambie watu wanavyoicheza. Kompyuta moja, Mjomba. Moja.

Ni mimi mpwa wako,
Everlyne


Voi, 20 Januari 2025

Kwa Everlyne, mpwa wangu wa pekee mwenye akili (wengine wasisome hapa),

Salamu kama mchanga wa Mto Voi. Sisi hatujambo, Mungu ametuweka. Goti linapanda ngazi, kushuka ndio shida. Wewe je, unakula? Sylus anasema umekonda.

Hongera! Hongera sana! Nilisoma barua yako kwa sauti kibandani, vijana wakapiga makofi, na fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza nani ameshinda kura. Nimeiweka kwenye kompyuta namba moja, ile ya karibu na mlango. Foleni imefika kwa fundi cherehani. Huyo Wanjala wa kota za reli ametoka na machozi kwa sababu ndovu alimlia mahindi akiwa amebakisha siku moja.

Lakini hilo kufuli, mama, hilo silielewi. Tangu nifungue kibanda hiki sijawahi kuona kufuli ambalo halikufunguliwa na mtoto wa darasa la saba kabla ya chai ya saa nne. Na wewe mwenyewe, ulijifunzia wapi? Si hapa, kompyuta namba mbili, ukiwa darasa la sita, kwenye gemu niliyonakili kwa mtu ambaye naye alinakili? Kama wazungu wangenifungia mimi, leo tungekuwa na Everlyne gani? Anayeficha mbegu havuni.

Lakini umesema moja, basi ni moja. Neno la mjomba.

Mjomba wako akupendaye,
Obadiah


Voi, 6 Februari 2025

Mpwa wangu Everlyne,

Salamu tena, hata kama hujajibu ile ya kwanza. Tuko wazima. Najua una kazi nyingi, lakini hili haliwezi kungoja. Mwanangu, gemu yako ina kasoro!

Usishtuke, utarekebisha. Ni hivi. Kwenye kompyuta namba moja, ukipiga debe, ndovu anageuka anakimbia. Anakimbia! Siku ya soko alipita Mama Jedidah, yule mwenye shamba kule chini ya Ndara, alikuja kuuza pojo. Akasimama mlangoni akatazama, akacheka mpaka akaketi kwenye kreti la soda. Akasema, "Ndovu gani huyo anaogopa debe? Huyo ni mbuzi amevaa masikio." Mwaka jana ndovu wa kweli walimwachia mabua matupu, na debe alipiga mpaka likatoboka.

Sasa njoo namba mbili, tatu na nne. Hapo, mama, hapo kuna ndovu! Unapiga debe, anasimama anakutazama. Unachoma pilipili, anapiga chafya anaendelea na chakula. Hakuna aliyepita siku ya pili na hakuna anayetaka kuondoka. Wanjala anaita namba moja "ya watoto wa Nairobi". Watu wametoka Miasenyi kuja kucheza! Mama Jedidah ameacha kikapu chake kwa fundi cherehani na sasa anakuja kila siku ya soko. Ananiambia, "Obadiah, huyo mtoto wa dada yako anawajua wanyama hawa."

Kwa hiyo rekebisha ile ya namba moja, iwe kama hizi nyingine. Nimejivuna mpaka kofia hainitoshi.

Mjomba wako,
Obadiah


Nairobi, 9 Februari 2025

Mjomba,

Salamu utazipata nikitulia.

Namba mbili, tatu na nne zimetoka wapi? Nilikutumia moja. Nilisema moja, nikarudia moja, nawe ukaandika "neno la mjomba". Umeinakili! Na umeniandikia barua ukurasa mzima kunieleza umeinakili, bila hata kujua unanieleza!

Hiyo namba moja haina kasoro. Hiyo ndiyo gemu. Hizo nyingine ndizo zimefungwa. Kufuli langu ndilo hilo: gemu inajisajili kwenye kompyuta ya kwanza; ikijikuta kwenye nyingine yoyote haigomi, inafunguka vizuri, ila ndovu wanaacha kuogopa. Mchezaji anapigwa siku ya pili, kila mara, mpaka achoke akanunue ya halali. Ni adhabu, Mjomba. Sikuitengeneza watu waifurahie.

Bwana Kiilu akisikia kuna nakala tatu Voi, nimekwisha. Kama ningeibiwa na mtu nisiyemjua ningelala nikasahau. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikabonyeza kitufe cha kwanza maishani.

Zifute zote. Na uniambie ukweli: kuna flashi yoyote iliyotoka humo kibandani?

Everlyne


Voi, 8 Machi 2025

Kwa mpwa wangu Everlyne,

Salamu, kama bado unazipokea kutoka kwangu. Nimekawia karibu mwezi mzima kwa aibu. Mara tano nimeshika kalamu, mara tano nimeenda kutazama kama mvua inakuja.

Nimekukosea. Sina la kujitetea. Foleni ilikuwa ndefu, watoto wanapigana, nami mkono wangu umezoea: nikiona kitu kizuri nakinakili, kama vile mwingine akiona mgeni anavyoongeza maji kwenye sufuria. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili kuna mtu ameketi. Miaka yote hiyo nilidhani gemu zinatoka kwenye makampuni huko mbali, kama mvua. Sasa nimejua kuna mtoto wa dada yangu amekonda huko Nairobi. Nisamehe.

Na ukweli uliouliza: ndiyo, moja ilitoka. Nilimpa Maundu wa Miasenyi, mwenye kibanda kama changu, kabla ya barua yako. Nilimfuata anirudishie. Alinirudishia flashi, lakini gemu alishaiweka kwenye mashine zake.

Barua yako ilifika siku ya soko. Nikafuta namba mbili, nikafuta namba tatu. Nikafika namba nne, nikamkuta Mama Jedidah ameketi na leso yake kichwani. Alikuwa siku ya tano.

Ya tano, Everlyne! Kwenye hiyo adhabu yako! Nikaganda na mkono hewani. Angekuwa Wanjala ningemng'oa kwenye kiti, lakini yule mama, mahindi yake ya kweli yaliliwa yote. Sikuweza. Nikaita watu. Siku ya sita ikapita. Fundi cherehani akaacha suti ya harusi ya watu. Siku ya saba ikapita. Akavuna! Watu wakambeba juu, naye anapiga kelele tumshushe.

Nikamuuliza amefanyaje. Akasema nyinyi wote mnazungusha ua shamba zima, na ua ndio ndovu anaouvunja. Yeye aling'oa ua wa upande wa juu na wa chini, akaacha njia pana kutoka mlimani mpaka kwenye bwawa lililo chini ya shamba. Debe hakuligusa. Ndovu wakapita mmoja mmoja, wakala mistari miwili ya pembeni, wakashuka kunywa maji. Akasema, "Hawaji kwangu, wanapita kwangu. Njia yao ilikuwepo kabla ya shamba. Kwangu nilijifunza nimeshachelewa."

Kisha nikaifuta namba nne. Mama Jedidah mwenyewe alinishikia tochi nikitafuta waya wa umeme niizime.

Mjomba wako aliyekukosea,
Obadiah


Nairobi, 14 Machi 2025

Mjomba wangu,

Kwawuka mana! Hapa salamu ni kamili, na zile nilizokunyima mwezi uliopita nazo zimo ndani. Goti vipi? Nami nakula, mwambie Sylus aache umbea.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Nikafungua ile ya adhabu, nikang'oa ua wa juu na wa chini, nikaacha njia. Wakapita, Mjomba! Wakapita mmoja mmoja kama alivyosema! Mimi niliyeitengeneza sikujua inawezekana. Niliwafundisha ndovu vitu viwili tu, kutafuta maji na kuogopa kelele. Kwenye kufuli nikaondoa woga, nikahakikisha mchezaji anashindwa, nikafunga kompyuta. Sikukaa hata mara moja kuwatazama wanakwenda wapi. Hii ya kufuli ni nzuri kuliko niliyokuwa nauza! Mara mia!

Basi nikaenda kwa Bwana Kiilu nikamweleza yote, na Miasenyi nikamweleza. Alikunja uso, kisha akasema atasamehe nakala ya Maundu nikikubali jambo moja: kufuli jipya, gemu ikinakiliwa ijifunge kabisa, na hii ya ndovu wasioogopa ifutwe, kwa sababu mteja akishindwa siku ya pili hatanunua nyingine. Mkataba ulikuwa mezani na kalamu juu yake.

Nikamfikiria Mama Jedidah ameketi namba nne. Nikamwambia hapana.

Ndiyo, nimekataa. Mwisho wa Machi naitoa mwenyewe, bila kufuli. Ndovu hawataogopa kitu kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Anayetaka kulipa atalipa kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, asiyetaka hakuna wa kumzuia. Ikishindikana, kiti changu cha bima bado kiko wazi, nimeuliza. Naogopa sana, Mjomba, na sijawahi kufurahi hivi.

Mwulize Mama Jedidah kama ataniruhusu kumpa mama mwenye shamba wa kwenye gemu jina lake. Nawe nakili ukitaka. Sikukatazi tena.

Mpwa wako,
Everlyne


Voi, 13 Aprili 2025

Kwa mpwa wangu Everlyne,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na kutoka kwa fundi cherehani, na kutoka kwa watu nisiowajua wanaonisimamisha barabarani. Mvua imeanza na goti limetulia, sijui kwa nini.

Sylus anasema hujarudi bima, na kwamba watu wananunua, tena wengine kutoka nchi ambazo hawajaona ndovu. Nimemwambia arudie mara tatu.

Mama Jedidah amekubali jina lake litumike. Amesema tu mahindi ya kwenye gemu ni mafupi, umtendee haki. Mwaka huu ameacha njia kwenye shamba lake la kweli. Tunangoja tuone, hata yeye haapi.

Sitakudanganya, Maundu anagawa nakala kule Miasenyi. Juzi alikuja na flashi kuchukua hii mpya, akasema, "Obadiah, si nasikia hakuna kufuli siku hizi?" Nikamwambia kufuli hakuna, ila mlangoni nipo mimi. Akacheka akidhani natania. Nikamwandikia anwani ya ukurasa wako nyuma ya tikiti yake ya treni.

Sasa usicheke. Tangu nizaliwe sikuwahi kununua gemu. Sikujua hata pa kubonyeza, Wanjala ndiye alinionyesha, na kibanda kizima kilisimama nyuma yangu kama nimepelekwa kutahiriwa. Nilibonyeza. Ikafunguka. Nikahamia kompyuta ya pili, nikabonyeza tena. Wanjala akasema, "Buda, si unakili tu hiyo ya kwanza?" Nikamwambia nyamaza, kijana, hesabu.

Kompyuta nne, Everlyne. Nimenunua nne.

Mjomba wako na mteja wako,
Obadiah