Jirani wa Kiwanja cha Mzee Ntandu

Alhamisi, Mandewa

Leo nina furaha kubwa.

Mzee mmoja alikuja ofisini kwetu, ofisi ya ardhi, na hati ya kiwanja na kitambulisho, akasema yeye ndiye Mzee Ntandu, anauza kiwanja chake. Karatasi zote zilikuwa safi. Nikakataa kupitisha uhamisho mpaka jirani wa mpakani aje amtambue.

Jirani ni Bibi Mariamu, haoni. Bosi akanicheka: "Binti, huyo atatambua nini?"

Bibi alipoingia, yule mzee akainuka kwa adabu. "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. "Ntandu ni mkubwa wangu. Mimi ndiye humwamkia, tangu nikiwa mtoto. Wewe ni nani?"

Bosi mwenyewe akafunga mlango na kuita polisi.

Mzee Ntandu wa kweli yuko Rungwa kwenye mizinga yake ya nyuki. Angerudi na kukuta msingi wa nyumba ya mtu kiwanjani kwake.

Kinachoniuma ni ile miezi kabla sijaanza kuita majirani. Nilipitisha mauzo mangapi kwa karatasi safi tu? Kesho nafungua majalada yangu yote, kuanzia la kwanza. Hata kama nitajiumbua.