Amina kwa Cherehani Iliyoibwa

Berea, Jumapili usiku, Julai 2011

Bado nacheka. Kanisani kwetu mtu hasimami kutoa ushuhuda mpaka Mungu awe amemjibu, na leo nimesimama mikono mitupu, kwa hasira. Mchungaji alikuwa ametuhimiza tena tufurahi katika mateso. Nikawaza: basi afurahi yeye.

"Bwana asifiwe! Wiki hii wezi wamevunja mlango wetu, wakachukua cherehani yangu."

"Amina!" kanisa zima likaitika, kwa mazoea tu.

Halafu Mama Rehema, ninayekaa naye chumba kimoja, akaangua kicheko. Mchungaji naye akashindwa kujizuia. Nikacheka mpaka nikalia, na nilipolia wamama wakanishika mikono, wakaanza kuimba. Sijui nilianza kucheza wakati gani.

Cherehani haijarudi. Nguo za wateja sijui nitazishona na nini, na ninaogopa. Lakini ile furaha sikuiigiza. Ilinikuta naumia, ikakaa nami hivyo hivyo.

Sasa hivi, nilipotaka kuzima taa, Mama Rehema ameita kutoka upande wake wa pazia: "Dada, cherehani imeibwa!"

"Amina," nimemjibu.