Okidi ya Nyumba Mbili

3 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Pokea salamu nyingi kama mvua iliyotunyeshea wiki hii. Mimi mzima, isipokuwa masikio. Majokofu niliyotengeneza maisha yangu yote yameyamaliza, ndiyo maana simu siitaki, inanilia maneno. Wewe je? Baridi ya huko imekuzoea?

Upepo umevunja tawi la mti wa mpakani. Limeangukia ukuta na kuubomoa, nusu kwetu, nusu kwa jirani mpya, mkunga mstaafu. Juu ya tawi umejishika mmea wa ajabu, mashina manene kama miwa midogo, na mizizi mingine imesimama juu kama miba ya nungunungu. Nikaupanda kwenye ndoo, udongo wa mbolea, maji asubuhi na jioni.

Mkunga akachungulia. "Jirani, huo mmea ni wangu. Mti umeota kwangu."

"Lakini tawi limelala kwangu."

"Haya, lea. Ila huyo mtoto anakosa hewa."

Tangu hapo hatusalimiani. Wewe unayelea maua kwenye nyumba za vioo, niambie: ni mmea gani huu, na mbona majani yanageuka njano?

Ni mimi baba yako.


19 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Siumwi, ni vidole tu vinavyokufa ganzi nikitoka nje. Unakula? Usiniambie "nakula", niambie unakula nini.

Hiyo ni okidi, ile ya maua ya njano yenye madoa kama ngozi ya chui. Huku tunaibeba kama yai. Itoe kwenye ndoo leo hii! Haiishi udongoni. Kule mtini ilijishikiza tu, ikinywa mvua na kula majani makavu yanayonaswa na hiyo mizizi ya juu. Udongo unaiziba pumzi, mizizi inaoza. Kata iliyooza, iweke kwenye kitu chenye matundu, pamoja na magome na vipande vya mkaa, mahali penye mwanga na upepo. Na msigawane: ukiikatakata, itakaa muda mrefu bila kuchanua.

Kwa hiyo mkunga alisema kweli. Kamwombe radhi, mzee wangu.

Binti yako.


11 Mei

Mama,

Marahaba. Nakula maharage, na siku nyingine bakuli la kitu kingine linapita juu ya ukuta. Usicheke.

Nilikwenda kuomba radhi nimeikumbatia okidi kifuani, kama mtu anayerudisha mtoto aliyepotea. Mkunga akaniangalia, akaangalia mmea, akasema, "Lete mkasi." Ndiye aliyekata mizizi iliyooza. Mikono yake haitetemeki hata kidogo. Mimi nikachukua rafu za waya za jokofu bovu, nikazikunja zikawa kikapu. Tumekining'iniza pale ukuta ulipobomoka, kila mtu akione akiwa kwake. Sasa kuna machipukizi mawili. Mkunga anasema ni pacha.

Ukuta nilitaka kuujenga. Mkunga kasema hakuna haraka.

Baba yako.


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Huku jua limejitokeza, watu wote wamekuwa wapole. Nimesoma barua yako kwa wenzangu kazini, wamekipenda kikapu cha jokofu.

Machipukizi yakishakomaa, punguza maji. Iache ikauke kidogo, usiionee huruma. Bila kiu, haitachanua.

Halafu, baba: mbona barua yako ina mkunga mwingi kuliko maua? Nauliza tu.

Kitinda mimba.


25 Julai

Mwanangu mpenzi,

Natumai u mzima na kazi haikulemei. Barua hii nimeichana na kuianza upya, sasa naiacha kama ilivyo.

Nataka kumwoa mkunga. Ni mjane, kama mimi. Jioni tunakaa chini ya kikapu tukibishana kama shina limerefuka au ni macho yetu. Ananizungumzia kwenye sikio la kushoto, ndilo lenye uhai. Sijacheka namna hii tangu mama yako atutoke. Nimeona nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Baba yako.


14 Agosti

Baba,

Shikamoo. Barua nimeipata.

Nguo za mama bado ziko kabatini. Nilipoondoka uliniahidi hutazigusa. Sasa kabati hilo atalifungua nani?

Wewe ni mtu mzima, fanya uonavyo. Ila usinitake nifurahi.

Binti yako.


20 Septemba

Mama,

Marahaba. Nguo ziko palepale.

Sikumwonyesha mkunga barua yako, lakini uso wangu hauna pazia. Akauliza, nikamwambia. Akasema, "Nimepokea watoto wengi mikononi mwangu. Sijawahi kumpokonya mtu mwanawe. Mwache kwanza." Amekwenda kukaa kwa kijana wake, mji mwingine. Mlango kaufunga.

Sikulaumu. Msiba wa mama yako mimi niliulilia na watu. Wewe uliubeba ukaenda nao mbali, peke yako.

Okidi nimeipunguzia maji kama ulivyosema.

Baba yako.


6 Novemba

Mama,

Hujajibu. Naomba iwe ni kazi, isiwe ugonjwa.

Okidi imechanua. Shada kubwa limeinama upande wetu, la njano, lenye madoa hasa kama ulivyoeleza. Niliiona asubuhi, nikageuka nimwite mtu. Nikamwita muuza maziwa aliyekuwa anapita. Akaegesha baiskeli, akatazama, akasema, "Maua mazuri, mzee," akaenda zake.

Ni hayo tu. Jifunike vizuri.

Baba yako.


28 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Siumwi. Nilinuna, halafu nikaona haya kwa kununa, halafu haya ikaninyima kuandika.

Habari ya muuza maziwa niliisoma nimesimama katikati ya meza za okidi. Msimamizi akadhani nimeingiwa na dawa machoni. Baba, wewe ukifufua jokofu la mtu likaanza kunguruma, ulikuwa unamwita mama atoke jikoni aje asikie. Kila jokofu! Naye alikuja, mikono ina unga. Sikuwaza kwamba umebaki huna wa kumwita.

Nguo nitazikunja mwenyewe nikija likizo.

Nimetafuta namba ya mkunga kwa majirani wa hapo, nikampigia.

"Nani mwenzangu?"

"Binti wa fundi majokofu."

Nikasema, "Mama, rudi nyumbani."

"Baba yako kakutuma?"

"Hata hajui kama nina namba yako."

"Na wewe umeridhika, au umechoka tu kukataa?"

Nikamwambia ukweli: "Yote mawili."

Akacheka kweli kweli. "Hapo sawa. Uchungu una hatua zake, mwanangu, mimi sijawahi kumharakisha mtu."

Tukaongea mpaka salio likaisha. Nimempenda, baba. Sikutaka, lakini nimempenda.

Mkamwana wake kajifungua, anamlea. Akimaliza, mwezi ujao, anakuja. Siku kaificha makusudi, eti anataka akukute ulivyo.

Kwa hiyo kuanzia leo, baba, nyoa ndevu kila asubuhi.

Mwanao, kitinda mimba wenu.