Mwanangu Anakula, Karata Zinajicheza

Jumatatu, 9 Juni

Wamemfungia akaunti! Mwanangu, Profesa wangu, wamemfungia, eti anachezesha roboti! Roboti! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, aliyeanza kuongea kabla ya kuota meno — leo aitwe mashine?

Ngoja niyapange, nisije nikajichanganya mwenyewe. Anacheza poka ya mtandaoni. Karata, lakini si zile za vijiweni, hizi ni za hesabu. Mezani wanakaa watu wasioonana, kila mtu kwao na kompyuta yake na jina la bandia. Lake ni Bwana Kimya. Ameshinda mpaka akaacha kazi ya kuuza simu. Saluni yangu ina drai mpya ya kukaushia nywele kwa pesa zake! Wateja wote nimewaambia, wengine zaidi ya mara moja.

Sasa wachezaji wenzake wamelalamika. Bwana Kimya hachoki. Hakosei. Anafikiri kwa kasi ile ile, asubuhi na jioni. Wenye mchezo wamezuia pesa zake zote wakati wanachunguza. Ikithibitika, pesa hizo wanagawiwa waliolalamika, na jina lake halisi linabandikwa hadharani. Hakuna meza itakayompokea tena, wala bosi yeyote wa maana.

"Ni wivu tu, Mama," kasema. Si nilijua! Nikamwambia ale kwanza. Hakula.

Jumanne, 10 Juni

Nimemtetea saluni mpaka koo likakauka. Nilikuwa namsuka yule mteja wangu mwalimu, hasira zikahamia mkononi, akaruka kwenye kiti. "Jamani, hiki ni kichwa, si mkeka!" Tukacheka. Machozi yangu yalikuwa pale pale karibu.

Akauliza, lakini inawezekana kweli, kompyuta kucheza yenyewe? Nikamjibu kwa mbwembwe zangu: kwa Profesa kipi hakiwezekani! Yeye anakula jikoni, huku nyuma karata zinajicheza, nimeona kwa macho yangu, nika—

Chanuo likaanguka. Mwalimu akaliokota.

Nimeona kwa macho yangu. Tena nikarekodi. Mwezi uliopita, nimeingia chumbani kwake kuchukua nguo chafu, nakuta kompyuta inakwenda tu. Karata zinafunguka, vitufe vinabonyezwa, kiti kitupu! Mimi nikaona maajabu. Nikasogeza simu karibu ili watu waone vizuri, kisha nikatembea nayo mpaka jikoni alipokuwa anatafuna. Nikatuma kwenye grupu la familia: Mwanangu anakula, karata zinajicheza! Nani kama Profesa? Na makopa mekundu mstari mzima.

Nilidhani ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Kama mashine ya kufulia — unaweka nguo, unaendelea na mambo yako. Nitajuaje mimi!

Nyumbani nikamwambia, mwanangu, kuna kitu nilirekodi chumbani kwako. Hakuuliza nilirekodi nini. Aliuliza, "Ulituma wapi?"

Hapo nikajua.

Jumatano, 11 Juni

Nimejaribu kuifuta ile klipu. Simu inanifutia mimi tu, wengine bado wanayo.

Halafu dada akapiga. Hakunisalimia. "Mwanao ndiye Bwana Kimya?"

Mwanawe, yule fundi wa majokofu anayeniita mama mdogo, naye anacheza huko huko! Sikujua. Profesa anaapa naye hakujua, maana kila mtu ana jina la bandia. Kumbe miezi yote hii Bwana Kimya alikuwa anampukutisha binamu yake. Akiba ya kufungulia karakana imeishia pale mezani. Ndiye aliyelalamika wa kwanza. Jana anatafuta picha ya bibi kwenye grupu, akakutana na klipu yangu. Jina la Bwana Kimya limejaa kwenye kioo kama kibao cha duka. Mimi na kusogeza simu kwangu!

Hajaipeleka kwa wachunguzi. Dada amemzuia, anataka tuyamalize kindugu kwanza. Ila kabla hajamaliza akanichoma: "Kwa hiyo mwanao alikuwa anakula. Kumbe chakula ni mwanangu."

Nikamkatia simu. Dada yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua! Nimemkatia.

Alhamisi, 12 Juni

Saluni sijafungua.

Profesa amekuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu, kama zamani akiogopa radi. Amesema yote. Programu hakuinunua — kaiandika mwenyewe! Mwenyewe, bila kufundishwa na mtu! Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Ukaruka, ukaanguka.

Anasema hata wachezaji wakubwa wa huko wana programu za kuwashauri, tofauti iko wapi. Nikamwambia tofauti ni kwamba ndugu yako alidhani anacheza na mtu.

Nikasema basi mrudishie. Kwa pesa gani, Mama? Zote zimezuiwa. Akikiri, ndugu yake anapata zake, yeye anakwisha. Asipokiri na klipu isifike, wanamfungulia. Na fundi wetu abaki mikono mitupu.

Kisha akanishika mkono. "Sema yalikuwa mazoezi, Mama. Meza ya kujifunzia, si ya kweli. Aliyekuwepo ni wewe tu. Watakuamini, wewe kompyuta huijui."

Anajua kuomba, mtoto huyu. Hata mdogo alikuwa hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Dada tena. Safari hii sauti ya chini, na ndiyo mbaya zaidi. Ameita ukoo. Mjomba, mashangazi, wote, kwangu, maana sebule kubwa ni yangu na mimi ndiye niliyeitangaza klipu.

"Mwanao hatutamuuliza, tunajua atasema nini. Tutakuuliza wewe. Ukisema ni mazoezi, mwanangu anaifuta klipu mbele ya wote, na hatutaligusa tena jambo hili." Akapumua. "Unapenda kujisifu, mdogo wangu, lakini uongo sijawahi kuusikia kwako."

Heri angenitukana.

Nimedeki sebule. Nimefua mapazia. Nikasimama mbele ya kioo kirefu cha saluni, hapa ubavuni mwa nyumba, nikajaribu: Yalikuwa mazoezi. Ikatoka laini kabisa, ningejiamini mwenyewe! Nikajaribu na lile lingine, la kweli. Nikaishia kwenye jina la mwanangu. Nikarudia. Nikaishia hapo hapo.

Profesa amepita mlangoni, akaniona, akaendelea na njia yake. Siku hizi anatembea kama mgeni humu ndani.

Sasa hivi simu imelia. Ujumbe, kutoka kwa mtoto wa dada. Nilidhani ni matusi, nikafumba jicho moja. Kumbe: "Shikamoo mama mdogo. Viti vitatosha? Nije na vya kwetu?"

Nimemjibu: Marahaba. Njoo navyo, mwanangu.

Nimelitazama neno hilo la mwisho mpaka kioo cha simu kikazima. Nimewasha tena, bado lipo. Yule mwingine yuko jikoni, nasikia anafungua masufuria, anafunika, hapakui.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wote watakuwa hapa.