Mtoto Ananiita Babushka, na Bibi Yake Mwenyewe Anakuja

Doha, Jumatano tarehe 14 Januari 2026. Asubuhi ukungu mzito, magari ya mtaa wetu wa Abu Hamour yamewasha taa hadi saa mbili.

Mama Kawira, nimeisoma safu yako tangu nifike Qatar na sijawahi kukuandikia, lakini leo sina mwingine wa kumweleza, tafadhali nijibu kabla ya tarehe 23 kwa sababu baada ya siku hiyo sijui nitakuwa wapi.

Naitwa Rael, kwetu ni Kapsabet, nina miaka arobaini na tisa, nilimaliza kidato cha nne, na huu ni mwaka wa tatu namlea mtoto mmoja wa Warusi, Mitya, ambaye sasa ana miaka minne. Baba yake hufanya kazi kwenye mitambo ya gesi na huja nyumbani kwa zamu, mama yake, Madam Irina, ni daktari wa meno huko Al Sadd, anatoka alfajiri anarudi jioni, kwa hiyo mtoto amejifunza kutembea akinishika mimi. Kila siku huandika shajara, kwa hiyo tarehe ninazokupa si za kukisia.

Tarehe 9 Septemba mwaka jana nilimuuliza Madam kwao humwita vipi mwanamke mzee, akasema babushka, yaani bibi. Mimi nilikuwa nikiona vibaya mtoto mdogo kuniita Rael, jina tupu, kwetu hata mtoto wa jirani anajua kuniita kogo, ndiyo bibi kwa Kikalenjin, basi nikamfundisha Mitya aniite babushka tukiwa wawili, na sikumwambia Madam kwa kuwa sikuona kuna la kuambiwa, ni heshima tu, na nakiri nililipenda jina hilo, maana mjukuu wangu mwenyewe, Jebet, analelewa na jirani yetu Edith kwa sababu binti yangu Melissa anafanya kazi Nakuru, na Jebet humwita Edith kogo, mimi huniita kogo wa simu.

Ijumaa tarehe 2 Januari walikuwa wanaongea kwa video na mama yake Madam, anaitwa Galina, ana miaka sabini na moja, yuko mji wa Saratov. Mimi nilikuwa nyuma nakunja nguo. Mitya akaita, “Babushka!” Yule mama akaitika kwa furaha, “Naam, jua langu?” Mtoto akamwambia, “Si wewe. Namwita babushka,” akaninyooshea kidole. Kirusi cha kiasi hicho nakielewa. Mama Galina alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena, akasema ana chungu jikoni, simu ikakatika.

Jumanne tarehe 6 Madam akaniambia mama yake amekata tiketi, atafika tarehe 23, na kwamba hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Nikajikaza nikamuuliza, “Madam, kwenu babushka ana kazi gani?” Alikuwa anamenya viazi, akaacha.

“Kazi gani? Kazi zote. Mama yangu alikuwa kiwandani, mimi nimelelewa na babushka wangu. Yeye ndiye aliyenipokea kutoka shule, akanipikia uji, akanifundisha kusali kwa siri. Sisi husema mama anakuzaa, babushka anakufanya mtu. Na wale wanaokaa kwenye benchi mlangoni mwa jengo! Polisi unaweza kumpita, wao huwapiti. Mtoto wa mtu wasiyemjua akipita bila kofia, wanamkaripia yeye na mama yake.” Akacheka, halafu akasema, “Mama yangu alingoja miaka mingi kuwa babushka. Mitya alipozaliwa, sisi tukaja huku.”

Mama Kawira, ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Kumbe lile halikuwa jina la heshima tu, lilikuwa nafasi ya mtu. Nilimweleza rafiki yangu Proscovia, Mganda wa nyumba ya pili, akapiga makofi: “Banange, Mama Melissa! Umekalia kiti na mwenyewe yu hai! Sasa anakuja na ndege kukidai. Wewe anza kukunja blanketi.” Yeye alicheka, mimi sikuweza kucheka, kwa sababu mkataba wangu unaisha Machi na anayeutia saini ni Madam.

Basi tarehe 7 nikamkalisha Mitya, nikamwambia kuanzia leo ni Rael, na mtu akiuliza, aseme hajawahi kuniita vingine. Nikampa biskuti ya tende. Akaniuliza, “Nimefanya nini kibaya?” Nikamwambia ale biskuti. Ijumaa tarehe 9, simu ya Saratov ilipolia, aliingia chini ya meza akaziba masikio. Tangu hapo hataki hata kusikia neno babushka, amerudi kukojoa kitandani, na juzi Madam alinishika mkono akaniuliza, “Rael, mtoto ana nini? Kuna mtu amemtisha?” Nikasema sijui. Niliona namna alivyonitazama.

Sasa kila mlango wa gari ukifungwa nje nachungulia dirishani. Nikisema, natimuliwa. Nisiposema, mtoto atasema, siku ya kwanza, mbele ya bibi. Nifanye nini? Jana nilizima taa saa nne, usingizi ulinichukua saa nane na dakika ishirini.

Rael

MAMA KAWIRA ANAJIBU

Rael, pole. Hofu ya mtu ambaye kazi yake na kitanda chake viko ndani ya nyumba moja naijua, sitaidharau. Lakini umekosea mahali pa kuogopa.

Kumfundisha mtoto akuite kwa heshima si dhambi. Huko Kapsabet ungesifiwa. Hata kutokumwambia Madam ningekusamehe, ni uzembe wa mtu mwenye nia njema. Kosa lako kubwa ni la tarehe 7. Ulimkalisha mtoto wa miaka minne ukamwonyesha kwamba mtu anayempenda anaweza kumkana mara tu mgeni akibisha hodi, kisha ukamziba mdomo kwa biskuti. Unashangaa anakojoa kitandani? Na mama yake amekuuliza waziwazi kama kuna aliyemtisha mwanawe, ukasema hujui. Unajua. Ni wewe.

Na usijifanye humwelewi Galina. Siku ya kwanza Jebet alipokuita kogo wa simu, ulijisikiaje? Basi. Edith hakukuibia kitu, anamwosha mtoto na kumlisha, na bado iliuma. Mama wa miaka sabini na moja hapandi ndege kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kumfukuza yaya. Anapanda kwa sababu mjukuu wake amemwambia “si wewe.” Wewe unaogopa kuondolewa kwenye nafasi. Yeye anaogopa kwamba aliondolewa zamani na hakuna aliyempa habari.

Proscovia mwambie akunje blanketi lake.

Sasa sikiliza. Kwanza ni mtoto. Piga magoti mbele yake umwambie, “Mitya, hukufanya kibaya chochote. Mimi nilikuambia uongo, nilikosea.” Usimpe biskuti. Akikuuliza wewe ni nani wake, mwambie wewe ni Rael unayempenda, na babushka wake anakuja kutoka mbali sana kwa ajili yake.

Siku hiyo hiyo mwambie Irina yote, pamoja na lile la biskuti. Usianze na mkataba, usilie kwanza, usimtaje Mungu kama wakili. Sema tarehe zako, unazo. Kisha mwombe ampigie mama yake, uombe radhi kwa sauti yako, yeye atafsiri. Galina asipotaka kukusikiliza, nyamaza, ni haki yake.

Akifika, jikoni ni pake. Mtoto akianguka na nyote wawili mkawa karibu, wewe usiinuke. Itakuuma, vumilia. Muulize anapenda uji wake upikwe vipi na uupike hivyo hata kama unaona si uji. Jina ambalo mtoto atakuita wewe baada ya hapo, Galina na Irina ndio wa kuamua. Wakisema Rael, itika kwa furaha.

Sikuahidi kwamba hutafukuzwa. Irina anaweza kukasirika, na ana sababu. Lakini ukikaa kimya mtoto atakusemea tarehe 23, hapo utakuwa umefukuzwa na uongo wako mwenyewe, na yeye atabaki akidhani ni yeye aliyekutoa.

Jibu hili linatoka Ijumaa tarehe 16, siku ya mapumziko huko kwenu. Irina yuko nyumbani leo. Weka simu chini uende sebuleni.