Seli Iliyojaa

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo naandika yote, hata yatakayoniaibisha. Atakayeiba karatasi hizi lazima awe na vidole vinavyosoma nukta nundu, na humu bwenini tuko wachache.

Soksi hazijakauka tangu Ijumaa. Mvua ya Kasulu haina adabu. Nimenakili Historia mpaka kiganja kinauma.

Ameletwa msichana mpya, Solange. Ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwao Kongo. Haoni kabisa, kama mimi. Mkuu wa shule amesema yuko kwenye majaribio: Ijumaa ya wiki ijayo asome Kiingereza mbele yake. Akishindwa, anarudi kambini. Mwalimu Shabani, anayetufundisha nukta nundu, naye haoni, ameniachia mimi kazi ya kumwandaa. Nimesema sawa. Nimechoka kabla ya kuanza.

Jumanne, 4 Machi

Kiswahili anasoma haraka kuliko mimi. Herufi zetu ni zilezile. A ya Kongo ni nukta moja, a ya kwetu Kibondo ni nukta moja. Hata Kiha naandika kwa nukta hizohizo, japo hakuna aliyenifundisha. Namwandikia bibi huko Mabamba, kisha likizo namsomea mwenyewe.

Tatizo ni Kiingereza. Kinafupishwa, seli moja, kile chumba cha nukta sita, inabeba neno zima. Seli iliyojaa, nukta zote sita, ni "for". Kwa watawa waliomfundisha yeye Kifaransa, ni e yenye alama juu. Nilimwambia amekosea.

"Dada, hii iko e. Miye naisoma tangu niko mdogo. Itageuka leo juu yako?"

"Itageuka juu ya Mkuu wa shule."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Seli tano zinamsumbua. Kwa Kiingereza kila moja ni neno, kwake kila moja ni herufi yenye alama. Nikimuuliza anajibu vizuri. Kidole ndicho kinachokataa. Kinafika pale kinarudi Kongo.

Tunasomea kitabu cha darasa, hadithi ya mwanamke na mbuzi wake. Kiko kimoja tu, nukta zimelala kwa kusomwa na wengi. Nilimfokea. Halafu nikaona aibu. Sikuomba radhi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa. Nimechoka kumsubiri kila mstari. Sasa nasoma mimi kwa sauti, yeye ananifuata kwa kidole, halafu anarudia. Inakwenda. Leo amefika mwisho bila kukwama. Nimelala mchana kwa raha.

Jumatano, 12 Machi

Amesoma yote tena, bila kosa. Haraka mno. Sentensi ya ukurasa wa pili aliianza kabla sijasikia karatasi ikifunuliwa.

Nilisikia. Sikusema. Nimechoka kusema.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu alifungua kitabu kilekile mbele ya darasa. Solange akasoma habari ya mbuzi kama mtangazaji wa redio. Mkuu akasema safi sana.

Mwalimu Shabani amefunga Ramadhani, sauti imemkauka. Akaomba ruhusa, akaweka vidole vyake juu ya vidole vya Solange. Ndivyo anavyotukagua sote.

"Endelea, mwanangu."

Akaendelea.

"Hapo hapo. Mdomo umeshamfikisha mbuzi sokoni, kidole bado kinafungua zizi."

Darasa zima lilicheka. Akampa ukurasa mwingine, asioujua. Sasa akasoma pole pole. Akafika kwenye seli iliyojaa. Akasema e. Kicheko kikaisha.

Jumamosi, 15 Machi

Uamuzi umetoka. Solange anarudi kambini. Baada ya Pasaka atajaribiwa tena, mara moja tu.

Hakulia. Alikunja shuka. "Bon. Si kosa yako, dada. Miye nilitaka kubaki." Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nilikwenda kwa Mwalimu Shabani kumwambia kwamba aliyemsomea ni mimi.

"Najua, Devota. Pale unapovuta pumzi wewe ukisoma, ndipo naye alipovuta. Ulimfundisha masikio. Vidole umeviacha."

Sijala jioni. Tuliletewa wali wa harusi ya mtu, wenzangu walikula mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imekatika. Gari la kambi limemchukua Solange asubuhi. Dereva anapita tena Ijumaa.

Jana nilitoboa nukta kwenye karatasi tangu misa ilipoisha hadi kengele ya chakula. Sentensi tupu zenye seli zile tano. Hakuna hadithi. Hakuna mbuzi. Mstari mmoja haufanani na mwingine, hata mimi siwezi kuukariri. Nimemwekea kwenye begi, chini ya shuka.

Kitanda cha jirani hakina mtu. Nimeanika soksi juu yake, nikaziondoa. Kitakaa wazi mpaka Pasaka.

Kwenye karatasi ya juu nimemwandikia kwa Kiswahili, ili asome bila shida. Nanakili hapa nisije nikasahau nilivyouliza:

Solange, funga mdomo, usiikumbuke sauti yangu. Nijibu kwa gari hilohilo linaporudi. Ukigusa seli iliyojaa, kabla hujafikiri chochote, kinakuja nini kwanza?