Zaina, Sahani Yako Nimeifunika

Zaina, muke mwenzangu, mudogo wangu,

Usianze kucheka herufi zangu. Miye nilisoma miaka mitatu, weye hata mmoja haukusoma, kwa hiyo kati yetu miye ndiye karani. Nakuandikia wazi, ju barua hii itasomwa kesho baada ya swala ya Ijumaa, mbele ya watoto wako na majirani wote. Ramazani wako ndiye atasoma. Namjua, atataka kumeza maneno nusu. Nimeshamwambia: soma yote, hata yale yanayonivua nguo.

Ni huyo Ramazani aliyekuja kunikalisha kitako mwezi uliopita. Alivaa kofia yake nzuri, nikajua ana jambo.

"Mama mukubwa," akasema, "miaka sita imepita tangu Mama aende kwao Wamaza. Tunaomba utoe neno, tumusomee hitima."

Anajua bila neno langu hakuna hitima. Bwana yetu alipofariki tulibaki wawili ndani ya nyumba hii, miye na weye, jiko moja. Nani mwingine atoe neno?

"Hitima inasomewa maiti," nikamwambia. "Unaona maiti hapa?"

"Hapana, Mama mukubwa."

"Basi kunywa chai yako."

Akanywa. Lakini macho yake yalikuwa pale mezani, kwenye sahani yako, ile ya bati yenye ua jekundu, imefunikwa na nyingine juu yake. Miaka sita naifunika. Desturi yetu unaijua. Mutu akiwa safarini, fungu lake linatengwa na kufunikwa. Hakuna anayeligusa, na asubuhi wanamwagiwa kuku. Siku akihesabiwa marehemu, ndipo fungu linafunuliwa, watoto wanagawiwa, na hapo kutenga kumekwisha. Miye sikuwa nimefunua. Kuku wangu wamenenepa kwa ajili yako, Zaina.

Unakumbuka Bukavu? Bwana yetu alipasuliwa macho, na kitambaa kilipotolewa akasema, "Macho yangu yameona, sasa midomo yenu nayo ione." Akatupeleka kula kwa yule muzee wa Italia, nyumba ndogo tu, viti vya mbao, meza bila kitambaa. Kulikuwa na dirisha la kioo, na nyuma yake musichana anakanda unga na mayai, anausukuma mpaka unakuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, anaukata tambi kwa kisu, anazirusha juu kidogo unga uanguke. Weye ulibandika pua kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu. Nilikuvuta kwa kitenge kama mbuzi.

Piza ilipokuja ukaiangalia, ukaniita dada mukubwa kama kawaida yako, ukasema, "Yaya, hii ni chapati siku ya harusi yake." Bwana alicheka mpaka macho mapya yakatoa machozi. Miye nilisema ni chakula cha watu wavivu kuosha bakuli, wanamwaga mboga juu ya mukate. Nilisema hivyo na nikala vipande vinne.

Lakini kula kwako! Ulianza na ukingo. Ulizunguka piza yote ukila ule ukingo mugumu peke yake, kama panya anazunguka kikapu, mpaka katikati ikabaki duara laini. Halafu ukalikunja mara tatu, ukalila kwa mukono wa kushoto. Nilikupiga chini ya meza.

"Kushoto, Zaina! Watu wanaona."

"Watu wa hapa wanakula na uma, Yaya. Wanaangalia uma wao."

Toka siku ile haukupona. Kila mara unga, unga, unga. Mpaka tukafika ile siku kabla ya Idi. Niliweka unga wa ngano wa maandazi ya sikukuu, nikaenda sokoni. Kurudi nakuta umeufanya tambi wote, umezianika kwenye kamba yangu ya nguo kama nepi za mutoto, na mbuzi wa jirani wamesimama kwa miguu miwili wanakula Idi yetu. Na weye umekaa pale unacheka, unga mpaka kwenye nyusi, jani la mrehani umelichomeka kwenye nywele, ju musichana wa Bukavu alikuwa na jani kama lile.

Sasa nitaandika nililosema. Ramazani, usiruke hapa.

Nilisema: "Nenda kwenu Wamaza ukawapikie nyani. Na ukirudi, sahani yako hautaikuta hapa."

Uliacha kucheka. Ulinawa mikono, ukachukua mufuko wako, ukapanda pikipiki ya yule kijana wa Kabambare. Haukugeuka. Nami sikuita. Nilikuwa na kiburi changu, nilikuwa nakiosha pamoja na ile kamba.

Siku ya nne ndipo habari ilifika kwamba watu wenye bunduki waliingia Wamaza, watu wakatawanyika porini. Wengine walitokea Lusangi, wengine Kabambare. Weye haukutokea. Nilikwenda mwenyewe Kabambare, mugongo huu huu, juu ya ile barabara mbaya. Niliuliza dukani, nikauliza msikitini, nikauliza hata kanisani. Mama mmoja akasema alikuona mutoni. Mwingine akasema hapana, yule alikuwa mwingine. Nikarudi nyumbani. Siku ile ile nikatoa sahani yenye ua jekundu, nikaweka ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikafunika. Watu walisema, ona Bibi anavyoshika desturi. Desturi gani! Nilikuwa narudisha neno langu mudomoni.

Sasa nikueleze mambo ya kwa Mwamini.

Mwamini, mutoto wa Ramazani, mujukuu wako, alikwenda kujifunza kazi Bukavu, kwenye jiko la watu wa piza. Mwaka huu amerudi Kasongo, amefungua mahali pake karibu na soko. Vyumba viwili, meza za plastiki, na tanuri la matofali alilojengewa na fundi wa tanuri za mukate. Formaji, ile jibini yao, inakuja na ndeke kutoka Bukavu, siku zingine haiji, na hapo anaweka sombe na samaki wa Lualaba, na vijana wanakula hivyo hivyo na kusema ni ya kizungu. Tambi anakandiwa na Mama Furaha, Mukristo mmoja wa kwenu Wamaza, mikono yake kama mapaja, anasukuma unga na chupa ya soda. Weye ungelala pale pale mulangoni.

Nilianza kwenda kila Alhamisi, baada ya adhuhuri, jua likiwa kali na wateja wachache. Nakaa meza ya karibu na tanuri. Siku ya kwanza nikamwambia Mwamini, "Leta mbili. Ya pili ni fungu la musafiri, ifunike." Mutoto ana adabu, hakuuliza. Nikala yangu. Nilipomaliza nikafunua ya pili niifunge niende nayo kwa kuku.

Ukingo ulikuwa umeliwa. Wote, kuzunguka. Katikati duara laini limebaki, na halikuguswa.

Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto. Hakukuwa na mutu. Mwamini alikuwa jikoni, paka hakuna. Na harufu, Zaina. Si ya formaji. Mrehani, na siku ile Mwamini hakuwa nayo hata jani moja, nilimuuliza.

Unafikiri niliogopa? Kidogo. Mikono ilikuwa baridi, na miye niko karibu na tanuri. Lakini zaidi ya woga nilifurahi, nakuambia kweli. Nilifunika tena, nikakaa wima kama muke wa chifu. Nikasema moyoni: yuko hai huko aliko, na amekuja kula kwangu, hakwenda kwa mwanawe. Sikumwambia mutu yeyote.

Alhamisi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, na ile katikati ikawa imekunjwa mara tatu, imeachwa pembeni ya sahani, kama mutu aliyeitwa ghafla. Nilikuwa nazungumza na weye polepole, mudomo nusu. Nikakuambia bei ya mawese, nikakuambia nani ameolewa. Na kila mara nilitoka pale na njaa. Hilo lilinishangaza. Piza nzima nimekula, nafika nyumbani tumbo linalia kama sijaonja kitu.

Ndipo Ramazani akaja na kofia yake. Na nilipomfukuza kwa chai, akarudi mara ya pili, nikachoka. Nikamwambia, "Mama yako ni muzima. Njoo Alhamisi kwa Mwamini, nikuonyeshe."

Alikuja. Alikaa meza ya mulangoni, Mwamini amesimama nyuma yake. Nikala. Nikamaliza, nikapangusa midomo, nikafunua sahani kwa fahari.

"Haya! Angalia mwenyewe. Nani anakula hivi duniani?"

Ramazani alikuwa ameshika kofia mukononi. Mwamini alikuwa analia.

"Bibi," Mwamini akasema, "ni weye."

"Miye nini?"

"Ni weye umekula, Bibi. Yako haukuigusa. Ulifunua ya Bibi mudogo, ukaanza na ukingo. Kila Alhamisi ni hivyo. Niliogopa kukuambia."

Nikaangalia sahani yangu. Kweli, ilikuwa nzima, imeganda, mafuta yamekuwa meupe. Nikamwambia Mwamini ni muongo, na baba yake ni muongo, na tanuri lake halijui kuivisha. Nilimtukana mutoto wa watu mpaka pumzi ikaisha. Halafu nikaona mukono wangu. Wa kushoto, Zaina. Miye ambaye tangu nizaliwe sijapeleka hata karanga mudomoni kwa kushoto. Vidole vitatu vilikuwa na mafuta mpaka kwenye kifundo. Wa kulia ulikuwa mukavu, umelala juu ya kitenge changu kama wa mutu mwingine.

"Tena unazungumza, Mama mukubwa," Ramazani akasema. Sauti yake ilikuwa ya mutoto.

"Naongea na mama yako. Nani amekataza?"

"Hapana. Unajibu."

Mama Furaha alikuwa ametokea mulango wa jiko, unga mpaka kwenye viwiko. Hakunikaribia. Aliniuliza kwa mbali, "Bibi, Kibangubangu ulijifunza wapi?"

Weye unajua jibu. Miaka yote tuliyokaa pamoja nilikataa hata kusalimia kwa lugha yenu. Ulipoimba ukikanda nilikuambia, acha kelele za porini. Sijui neno moja, na kiburi changu kilikuwa hapo hapo, kwamba sijui.

"Umesema vizuri," Mama Furaha akasema. "Kama mutu wa pale pale Wamaza. Tena umesema mara tatu."

"Nimesema nini?"

Akamwangalia Ramazani kwanza, kama anaomba ruhusa. Kisha akasema: "Umesema, fungu langu muwape watoto."

Nilisikia kuni zinapasuka ndani ya tanuri. Nilitaka kusema ni uongo, lakini neno lile nilikuwa bado nalo mudomoni, Zaina, umbo lake, kama kokwa ya tunda usilolijua. Na nilikuwa na njaa. Njaa kama ya mutu aliyetembea porini siku nne.

Basi nimekusikia. Si lazima utumie mukono wangu tena.

Nimekaa wiki moja bila kusema na mutu, nimefikiri. Nilidhani nikifunika kila siku, nitakushika uwe hai. Kumbe nilikuwa nimekuweka mulangoni, huingii hutoki, unasubiri muke wa kwanza aone aibu. Sikuogopa kifo chako. Niliogopa neno langu. Ukiwa marehemu, basi la mwisho ulilosikia nyumbani kwako ni kwamba sahani hautaikuta. Nani anataka kubeba hilo mpaka kaburini? Afadhali kulisha kuku.

Leo Alhamisi nimekwenda tena, peke yangu. Nikaagiza mbili. Kabla ya kula nikaukalia mukono wa kushoto, nikaukalia kabisa, na uzito wangu unaujua. Nikala yangu kwa kulia mpaka kipande cha mwisho. Ukaja ule ubaridi, harufu ya mrehani ikapita karibu na sikio langu, ikakaa kidogo. Nikasema kwa sauti, watu wasikie, "Zaina, samahani." Neno hilo sikukuambia hata mara moja maishani, hata siku nilipovunja chungu chako. Harufu ikaondoka, mara moja, kama mutu aliyefunga mulango polepole asiamshe mutoto.

Nikafunua sahani yako. Piza ilikuwa nzima, ukingo wote.

Nikaita wajukuu wako wanaocheza pale nje. Walikuwa saba. Nikakata saba, nikawagawia. Yule mudogo wa mwisho, ambaye hakukuona, alianza na ukingo. Nilitaka kumpiga. Sikumpiga.

Nilirudi nyumbani nimeshiba.

Neno nimempa Ramazani, kesho tunakusomea hitima. Mwamini atapika piza badala ya pilau, na shehe akiuliza nitamjibu miye. Sahani yenye ua jekundu nimeiosha, nimeiweka kabatini pamoja na zile zingine. Kwa hiyo nenda, mudogo wangu. Kila jioni, miaka sita, ilikuwa mezani. Sahani yako uliikuta.

Ni miye, yaya wako uliyemwachia nyumba,
muke mwenzako wa Kasongo.